Nyama tu ilikuwa shwari, ukaongeza matunda tumbo likaleta fujo? Tafuta dalili yako hapa

Wakuu, hii naiandikia watu wa aina moja tu, wale waliokaa miezi kadhaa wanakula nyama, mayai, samaki na samli basi, hamna ugali hamna wali hamna maharage, mwili umekubali, suruali zimelegea, alafu siku moja wakasema ngoja niongeze matunda kidogo, na hapo ndo mambo yakaharibika. Kama we unakula ugali na mchicha kama kawaida hii haikuhusu sana, kula embe lako kwa amani.

Mi nilikaa miezi saba. Nilianza mwezi wa tano kwa ajili ya uzito, na kufika mwezi wa kumi na mbili hapa Dar embe zimejaa kila kona, dodo, bolibo, sikio la punda, harufu inakufuata mpaka ndani ya daladala. Jumapili moja nikamaliza sahani ya mbavu, nikakaa uani na kisu na ndoo ya dodo, nikala tatu kubwa huku juisi inachuruzika mpaka kwenye viwiko. Saa tatu usiku tumbo linanguruma kama bodaboda iliyotoboka ekzosi, saa tano niko chooni, kesho yake mzani unasema nimeongezeka kilo 1.8. Nikasema kwisha habari, matunda yamenikataa. Kumbe hayajanikataa, nilikosea vitu vitatu vinne kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo kila anayeniuliza kuhusu hili nikimhoji vizuri nakuta kafanya hayo hayo.

Baadaye nilipima dodo moja kubwa kwenye mzani wa jikoni. Ukitoa ganda na kokwa unabaki na gramu kama 300 za kula, na kwenye kila gramu 100 za embe kuna sukari kama gramu 14, kwahiyo dodo moja ni gramu 40 na kitu, tatu ni 120 na ushee. Mtu ambaye kwa miezi saba alikuwa anakula wanga karibu na sifuri kwa siku, kapiga gramu 120 za sukari kwa dakika ishirini. Hapo hata ungekuwa mwili wa chuma ungelalamika.

Kabla hujashuka kwenye dalili yako jiulize kitu kimoja, ni nini kingine ulibadilisha wiki hiyo hiyo? Maana watu wengi "wanaongeza matunda" lakini ukichimba unakuta wameongeza matunda, asali, maziwa mgando na karanga kwa pamoja, afu wanataka kujua kosa ni la nani. Hapo hata daktari hawezi kukwambia. Rudi kwenye kile kilichokuwa kinakukubali siku tatu au nne, tumbo litulie, ndo uanze na tunda moja. Sio aina nne, moja.

Gesi, tumbo kuunguruma, kuhara

Hii ndo inaongoza, na ina sababu zaidi ya moja kwahiyo usikimbilie kulaumu tunda.

Angalia kwanza muda na homa. Kama imeanza ndani ya masaa machache baada ya kula, gesi nyingi, choo cha maji, lakini huna homa, na ukiacha tunda siku moja au mbili kila kitu kinatulia, hiyo ni ishu ya sukari ya matunda yenyewe, fruktosi. Utumbo mdogo una uwezo wake wa kupitisha fruktosi kwa wakati mmoja, na uwezo huo unatofautiana sana mtu na mtu. Ile inayozidi inateremka mpaka utumbo mpana, huko inavuta maji na bakteria wanaishangilia wanatoa gesi. Ndo hiyo bodaboda unayoisikia.

Sasa matunda hayako sawa hapa. Embe, tikiti, tufaa na pea zina fruktosi nyingi kuliko glukosi, na hilo ndo linalosumbua, maana glukosi inasaidia fruktosi kupita, ikiwa kidogo fruktosi inabaki inazubaa njiani. Tufaa, pea na plamu, zile za Lushoto tamu kweli, zina na sorbitoli juu yake, utamu wa aina nyingine, ambayo hata mtu anayekula kila kitu ikizidi inamkimbiza chooni. Kwahiyo ukianza na tikiti nusu kwa sababu "si ni maji tu", umeanza na la kusumbua. Chungwa, papai, nanasi na ndizi kwa watu wengi vinapita kirahisi zaidi.

Mi nilivyoanza upya nilifanya hivi: siku nne za kwanza papai, vipande viwili vya saizi ya kiganja, mara moja kwa siku, basi. Papai lina sukari kama gramu 8 tu kwenye gramu 100. Tumbo likanyamaza. Siku nne zinazofuata chungwa moja la Muheza juu ya lile papai. Baada ya hapo ndizi kisukari moja. Embe nikalirudia wiki ya tatu, nusu dodo, na sikusikia kitu. Wiki ya nne dodo zima, gesi kidogo tu. Tatu kwa mpigo sijarudia na sina mpango huo.

Ukiona kila ukipanda hatua inayofuata tumbo linagoma, rudi hatua moja nyuma ukae wiki nzima. Ukiona hata vipande viwili vya papai vinakukimbiza, na umejaribu mara mbili tatu kwa nafasi, hapo kuna kitu kingine, nenda kapime.

Sababu ya pili wengi hawaifikirii, ni mafuta. Unakuta mtu anapiga nundu na samli vijiko vitatu, tumbo lake limeshazoea lakini liko ukingoni, choo chake kilikuwa tayari laini laini, ukiongeza tunda unamalizia tu. Jaribu siku mbili kula steki isiyo na mafuta mengi pamoja na tunda lile lile. Ukitulia, mchawi ni samli.

Ya tatu ni uchafu. Kuhara na homa, au kutapika, au damu kwenye choo, hiyo sio fruktosi wala sio "mwili unazoea", usije ukakaa nyumbani unajipa moyo. Yale matunda ya kukatwa kwenye vifuko stendi, vipande vya nanasi na tikiti vimekaa juani tangu asubuhi, kisu kinasuuzwa kwenye ndoo moja kutwa nzima, hayo ndo yanaleta hayo. Nunua zima, osha mwenyewe, kata mwenyewe. Ukiharisha kunywa maji ya ORS, na ukizidi siku mbili au ukiona unakauka mdomo na mkojo umepungua nenda hospitali. Mtoto au mzee usisubiri hata hizo siku mbili.

Mzani umepanda kilo mbili ndani ya siku tatu

Tulia. Hii ndo inayowarudisha watu wengi kwenye nyama tu kwa hasira na haina hata maana ya kukasirika.

Mwili una stoo ya sukari, kitaalamu glikojeni, kwenye ini kuna kama gramu 100 na kwenye misuli kama 400 ikiwa imejaa. Kila gramu ya hiyo kitu inakaa na maji yake kama gramu 3. Ulivyoingia kwenye nyama tu stoo ilipungua, maji yakaondoka, ukafurahi wiki ya kwanza umepungua kilo tatu ukawapigia simu na ndugu zako. Sasa stoo inajaa, maji yanarudi. Ni deni lile lile.

Ukitaka kujithibitishia piga hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, na dodo moja halifiki hata kalori 200. Ili zile kilo 1.8 zangu ziwe mafuta ningetakiwa kula dodo zaidi ya 70 juu ya chakula changu cha kawaida, na pamoja na ulafi wangu wote ndoo ile haikuwa na dodo 70.

Kinachofanya kazi ni kupima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani badala ya kuhangaika na mzani kila asubuhi. Mzani ukipanda kilo moja mbili ukasimama na kiuno kipo pale pale, ni maji. Ukiona wiki ya tatu, ya nne, bado unapanda na suruali inabana, basi hapo ni chakula kimezidi, na sababu ni rahisi kuliko unavyodhani, umeongeza bila kupunguza. Sahani ya nyama ni ile ile, samli ile ile, afu juu yake ndizi tatu na parachichi zima la Njombe. Ukiongeza tunda toa kijiko cha samli. Mi sikutoa mwezi mzima, na suruali ikanambia.

Kuna na wale ambao miguu inavimba, soksi zinaacha alama jioni. Ukiwa kwenye nyama tu insulini, ile homoni ya kushusha sukari, iko chini na figo zinamwaga chumvi sana, ndo maana wote tuliambiwa tuongeze chumvi na tukaongeza kweli kweli, wengine wanalamba kabisa. Ukirudisha sukari insulini inapanda, figo zinaanza kuishika ile chumvi, na we bado unalamba kama zamani. Punguza chumvi irudi ya kawaida, kwa wengi uvimbe unashuka siku chache. Lakini mguu mmoja tu umevimba na unauma, au unavimba huku pumzi inakata ukipanda ngazi, hiyo haipo kwenye mwongozo huu, ni hospitali leo leo.

Mashine ya sukari inasoma namba za kutisha

Kitu cha kwanza, osha mikono. Sitanii. Jioni moja nimemenya embe, nikajifuta na kitambaa, nikatoboa kidole, mashine ikasoma 16.2 (namba zote hapa ni mmol/L). Nilikaa chini. Moyo unaenda mbio, nimeshaanza kuwaza dawa na sindano. Mke wangu akaniuliza umenawa? Nikanawa kwa sabuni, nikakausha, kidole kingine, 6.8. Ile ya kwanza nilipima juisi ya embe, sio damu. Kupaka spiriti haraka haraka hakutoshi, nawa na maji.

Sasa tuseme umenawa na bado ipo juu. Mtu aliyekaa muda mrefu bila wanga mwili wake unakuwa umezoea kuchoma mafuta, misuli inaipisha sukari, na kongosho limetulia halitoi insulini fasta kama zamani. Tunda la kwanza likiingia sukari inapaa kuliko ingevyopaa kwa mtu wa ugali. Ndo sababu mtu akienda kufanya kile kipimo cha kunywa glukosi hospitalini anatakiwa awe amekula wanga wa kutosha, kama gramu 150 kwa siku, siku tatu kabla, la sivyo kipimo kinaweza kumpa ugonjwa asio nao. Kwahiyo usipime siku ya kwanza ya ndizi ukatoa hukumu.

Mi siku ya kwanza nilipopanda mpaka ndizi kisukari mbili zilinipeleka 9.6 saa moja baada ya kula. Siku kumi baadaye, nikila kila siku, ndizi mbili zile zile nikaona 7.4. Fanya hivyo hivyo, kula kiasi kidogo kila siku wiki moja mbili, tunda lile lile, muda ule ule, pima masaa mawili baada ya kula. Chini ya 7.8 ni shwari. Ikibaki kati ya hapo na 11 baada ya wiki mbili tatu, au ya asubuhi kabla ya kula inacheza juu ya 6, nenda kapimwe vizuri maabara. Ya asubuhi ikifika 7 au zaidi, au wakati wowote ikagonga 11.1 na una kiu isiyoisha na mkojo kila saa, usiendelee na majaribio ya nyumbani.

Na we ambaye unatumia dawa za sukari, hasa uliyepunguziwa dozi baada ya kuanza nyama, usiongeze hata papai bila kuongea na daktari wako, maana dozi yako ilipangwa kwa kile ulichokuwa unakula. Mwenye matatizo ya figo naye hivyo hivyo, ndizi moja ya saizi ya kati ina potasiamu kama miligramu 400 na figo mbovu haziwezi kuitoa. Balungi nalo linagombana na baadhi ya dawa, zikiwemo simvastatini za lehemu na baadhi za presha, uliza duka la dawa kabla.

Njaa imerudi, hamu ya vitu vitamu haikuachi

Raha kubwa ya nyama tu ni kwamba unakula mara mbili unasahau chakula. Ukiongeza matunda unakuta saa tano asubuhi unazunguka zunguka jikoni. Hapa naomba uniambie ukweli, unayala saa ngapi na kwa sura gani?

Ukila embe peke yake saa nne asubuhi tumbo tupu, sukari inapanda inashuka, njaa inakuja na hasira. Kula nyama kwanza, tunda baadaye. Najua kuna mama au shangazi mahali atakwambia tunda likikaa juu ya nyama linaoza tumboni, mi mwenyewe nimelelewa na huo msemo. Haliozi. Tumbo lina asidi kali, kuoza na kuchacha kunatokea huko chini kwenye utumbo mpana na huko tunda litafika tu hata ukilila alfajiri. Kinachobadilika ni kwamba nyama inalichelewesha, na sukari inaingia polepole. Hiyo ndo tunayoitaka.

Juisi achana nayo. Glasi moja ya juisi ya chungwa imekula machungwa matatu manne, hutafuni, haishibishi, na tumbo halijui kwamba umekula. Tende nazo zinadanganya kwa udogo wake, theluthi mbili za uzito wake ni sukari, zile kubwa za medjool moja tu ina gramu 16 hivi, na nani anakula moja? Mwezi wa Ramadhani watu wa nyama tu wanafuturu na tende saba na juisi ya ukwaju yenye sukari ya dukani afu wanasema matunda yamewaharibia.

Ukishindwa kabisa kuishia kwenye kipimo, yaani ukianza zabibu lazima uzimalize mfuko mzima, chagua yale yasiyo matamu. Parachichi, maana sukari yake haifiki hata gramu 1 kwa gramu 100. Ubuyu ule mweupe wenyewe, sio wa Zanzibar wenye rangi na sukari. Pera nalo ni tunda la kuheshimu hapa, gramu 100 zake zina vitamini C kupita miligramu 200 wakati mtu mzima anahitaji kama 75 hadi 90 kwa siku, na haliamshi ule uchizi wa kutaka jingine.

Kichwa kinauma, umechoka, siku nyingine poa siku nyingine hovyo

Hii nimeiona kwa watu wa wikiendi. Jumatatu mpaka Ijumaa nyama tu, Jumamosi na Jumapili matunda bila breki, Jumatatu anafunga tena. Kila wiki mwili unajaza maji na chumvi, kila wiki unamwaga. Jumanne kichwa kinapasuka anasema ni matunda ya Jumapili, kumbe ni kule kuyaacha ghafla, chumvi imemwagika. Chagua upande. Ama kula kidogo kila siku, ama usile. Ukitaka kubaki kwenye ketosisi, yaani mwili kuchoma mafuta badala ya sukari, kaa chini ya gramu 50 za wanga kwa siku, hiyo ni kama chungwa moja na kipande cha papai na parachichi na bado una nafasi. Ukitaka kutoka, toka.

Na usijione mtoro wa imani. Yule daktari wa Marekani Paul Saladino, aliyekuwa mstari wa mbele kabisa kuhubiri nyama tu, mwenyewe alikuja kuongeza matunda na asali akasema anajisikia vizuri zaidi. Stefansson, yule mvumbuzi aliyetembea Aktiki, kule kwenye barafu ya kaskazini, aliyekula nyama tu mwaka mzima kuanzia 1928 chini ya uangalizi wa madaktari New York, alifanya hivyo kuonyesha inawezekana kuishi, hakusema embe ni sumu, huko Aktiki embe angelipata wapi. Na hapa kwetu Wahadzabe pale Ziwa Eyasi wanakula nyama ya kuwinda, asali, ubuyu, mizizi na matunda ya porini, hakuna anayewaambia wachague kimoja.

Choo kigumu

Watu wanashangaa, si nyuzinyuzi zinalainisha? Zinalainisha ukizipa maji. Parachichi moja kubwa lina nyuzinyuzi gramu 14 au zaidi, mtu alikuwa kwenye sifuri, ghafla anakula hilo na mapera mawili pamoja na mbegu zake, maji ni yale yale glasi mbili, inakuwa saruji. Ongeza maji, punguza mapera, na ndizi ngoja iive mpaka iwe na madoa, zile zenye kijani kijani bado zina wanga mgumu usiosagika kirahisi. Papai lililoiva vizuri ndo dawa ya bibi na inafanya kazi.

Ila hakikisha ni choo kigumu kweli. Kwenye nyama tu kwenda chooni kila baada ya siku mbili bila kukaza ni kawaida, mabaki ni machache.

Kiungulia

Machungwa, nanasi na ndimu tumbo likiwa limejaa nyama ya mafuta usiku, afu ukalala. Hapo hamna fumbo. Hamishia mchana, au badilisha kwa papai na ndizi. Embe lililovundikwa kabla halijakomaa nalo linachoma, lile la njano nje nzuri sana, ukikata ndani karibu na kokwa jeupe na chachu. Nusa kwenye kikonyo, kama halinuki embe liache.

Kidole gumba cha mguu kimeamka kinawaka moto

Gauti. Huyu alikuwa anakuja tu, maana maini, figo na supu zinaleta asidi ya yuriki, na fruktosi ikichakatwa kwenye ini nayo inaipandisha. Ukivichanganya kwa wingi, hasa kwa njia ya juisi na soda, unamwita kwa jina. Tunda zima kwa kiasi kwa kawaida sio shida, juisi ndo shida, na maini ya kila siku. Kapime yuriki, na hicho kidole usikikande.

Midomo inawasha, ulimi unauma

Vipele kuzunguka mdomo siku moja au mbili baada ya embe, hasa kama ulimenya kwa meno kama tulivyokuwa watoto, ni ule utomvu wa kwenye ganda na kikonyo. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na wanaobangua korosho wanajua mafuta ya ganda lake yanavyounguza ngozi. Kata kikonyo, ligeuze chini utomvu uchuruzike, lioshe, limenye kwa kisu, nawa. Nyama ya ndani wengi wanaila bila shida. Lakini midomo ikivimba, koo likabana, pumzi ikawa shida, ni mzio mkali, usisubiri kuona itakuwaje, kimbia hospitali na tunda hilo usilirudie.

Nanasi kuuma ulimi ni kitu kingine kabisa na ndo ninalolipenda kuliko yote kulielezea. Lina kimeng'enya kinachosaga protini, ulimi wako ni protini, kwahiyo wakati unalila nalo linakula kidogo. Papai bichi lina ndugu yake, ndo maana mama zetu wanalipaka kwenye nyama ngumu ya mishkaki ilainike, na ukilisahau usiku kucha unakuta nyama imekuwa uji. Moto unakiua hicho kimeng'enya. Kwahiyo mi nanasi silili tena bichi, nalikata mapande manene, nalitupia kwenye jiko la mkaa pembeni ya mbavu dakika tano kila upande mpaka sukari yake ibabuke iwe kahawia, chumvi na pilipili manga kidogo juu. Ulimi hauumi, na mafuta ya mbavu yakilidondokea kidogo usiyafute.